Chumba Moja, Milango Mbili

Hasira yangu haipoi upesi. Mama yangu alisemaka: huyu mutoto, ukimuchokoza asubuhi, mangaribi bado anakutafuta. Basi mujue mbele ya kuanza. Hii habari ninaisema na hasira, na kama kuna mutu anataka maneno ya kutuliza moyo, aende kusikiliza kwaya.

Miye ni Marthe. Niko mutafsiri ku hospitali ya kansa, ile ya mabati ya bluu yenye ilijengwa pembeni ya ziwa, kati ya Kashikishi na Kabuta. Bantu bengi habajui hata jina yake ya kweli, banasema tu "ku Bluu". Nilivuka ziwa toka ngambo ya Congo pamoja na dada yangu mukubwa, Pierrette, wakati ya vita. Yeye alianza kukausha samaki. Miye nilianza kuuza kinywa yangu: dokta anasema Kingereza, mugonjwa mwenye alitoka Pweto ao Kilwa anasema Swahili, muvuvi wa hapa anasema Bemba, na miye niko katikati. Maneno ya furaha inapitaka kwangu mara kidogo. Ile inapita sana ni moja, madokta banaitia ku kila kintu sawa chumvi: mwambie alichelewa, mwambie angekuya mapema. Niliisema kwa bamama, kwa bababa, kwa mutoto mwenye alibebwa na nkambo, mama ya mama yake. Banainamisha kichwa na banaenda kwao na haya, juu ya ugonjwa yenye habakuinunua ku soko.

Ku Bluu kuna chumba moja ya kamera. Ni kamera ndogo sana, iko ku mwisho ya kamba nyeusi yenye banapitisha mu kinywa ya mutu mpaka chini ya koo, kuangalia kama kuna kidonda. Kamera ni moja, kitanda ni moja, nesi ni Esnart peke yake. Lakini ile chumba iko na milango mbili. Mulango ya upande ya ziwa ni ya utafiti: kuna kiti ya muto, kuna feni, hakuna foleni. Mulango ya upande ya barabara ni ya huduma, ni kusema ya bantu bote, na foleni yake inaanza ku benchi na inaishia ku geti, kuna benye banakuya na sufuria na banapika pale pale. Sisi ba kazi, tukiwa mu chumba ya chai, ule mulango ya ziwa tuliuita mulango ya mbinguni. Tulikuwa tunacheka.

Utafiti yenyewe ilikuwa ya moshi. Dokta Mubanga, mukubwa ya utafiti, ni mutoto wa Mwansabombwe mwenye alisoma mpaka ngambo ya bahari. Alitaka kujua kama moshi ya kukausha samaki njo inaleta kansa ya koo kwa bamama ba hapa. Ni jambo ya muzuri, sikatai. Bamama yetu banatia kichwa mu moshi tangu ni basichana, macho mekundu, kifua inalia, na hakuna mutu mwenye aliwauliza kitu. Dokta alileta furu ya mupya, ni kusema tanuru ya kukausha samaki, ya matofali, na bomba ndefu ya bati yenye inabeba moshi juu kabisa, mbali na uso ya mutu. Lakini bamama nusu tu njo bapewe sasa. Nusu ingine babaki na moto yao ya zamani mpaka utafiti iishe, nyuma ya miaka tatu, kusudi alinganishe. Kila mama angevaa ku kifua kimashini kidogo chenye kinaonja moshi. Na kila mama, mwenye bomba na mwenye hana, akisikia kintu mu koo, angepita ku mulango ya ziwa bila kungoja. Miye njo niliwaelezea yote, chini ya paa ya soko, mu Swahili na mu Bemba, na sauti ilikauka.

Kuchagua nani apewe, balitia bifuniko bya chupa mu mufuko, rangi mbili. Nyekundu ni bomba, nyeupe ni kungoja. Olipa alitoa nyekundu. Olipa ni mama wa Bemba, jirani ya Pierrette pale Kabuta, tunamuita Bana Chisala, jina ya mutoto wake wa kwanza. Kati ya nyumba yake na ya dada yangu kuna ukuta ya matete yenye mbuzi anapita bila kuinama. Pierrette naye alitoa nyeupe. Aliiangalia, akasema yeye hata ku tombola ya kanisa hakushindaka, na bamama bote balicheka.

Sasa sikilizeni, juu hapa njo kuna kosa, kama munataka kuiita kosa.

Mwezi ya tatu serikali ilifungua ziwa, nyuma ya ile miezi ya kukataza kuvua. Samaki ilikuya mingi kwa mara moja, na samaki haingojake mutu. Na ku pwani yetu kuna kintu kimoja chenye mutu hafanyake: kumunyima mwenzako moto. Chumvi unaweza kumunyima. Salamu unaweza kumunyima, kama muligombana. Lakini kama samaki yake inaanza kulegea, na juu ya chanja yako kuna nafasi, unamuita. Nilionaka bamama babili benye baligombania bwana mumoja, miaka mingi habasemeshani, lakini samaki yao iko inakauka juu ya chanja moja, na kila mutu anageuza yake na anaangalia upande ingine. Moto haina mwenyewe. Hii hakuna mutu anaifundisha, unaikuta tu vile unakuta ziwa.

Basi Olipa alipasha furu yake ya mupya, aliona inakausha upesi, aliona nafasi. Alipaza sauti juu ya matete: Pierrette, leta samaki, utaoza nayo? Na Pierrette alipeleka. Na ku nyumba zingine ilikuwa vile vile, mwenye nyekundu alimuita mwenye nyeupe. Hawakujificha. Balikuwa banaimba. Miye niliona na nilikula ile samaki, na haikunipitia mu kichwa kwamba kuna neno. Dokta Mubanga naye aliikula: samaki ya makobo yenye alinunua kwa Olipa, ingine ilikuwa inapanda basi kila mara, kuenda kwa bakwe ya dokta Lusaka.

Siku ya Mungu, nyuma ya kanisa, Pierrette anakulaka kwangu, mu nyumba ya hospitali. Siku moja niliona anakata bukari, ugali yetu, kidogo kidogo sawa ya mutoto. Anameza, anakunywa maji, anaweka mukono ku kifua, anangoja. Nilimuuliza. Alisema ni pilipili yangu. Pierrette ni yaya, mukubwa yangu, na kwetu mudogo hamulazimishi yaya yake, basi nilimuongezea maji. Juma ingine aliomba muchele. Nyuma ya ile aliomba uji, alisema meno. Na siku alitoka nyuma ya nyumba kurudisha ile uji, nilimufuata, nilimukamata mukono. Hakusema tena pilipili. Alisema tu, Marthe, chakula inafika hapa na inasimama.

Nilikimbia kwa Esnart. Esnart ni Bemba wa Nchelenge, mutu wa mikono ya upole, na tulikuwa tunakula ku sahani moja. Alisema Pierrette iko mu utafiti, haina shida: siku ya ine ya juma, asubuhi, mulango ya ziwa. Nilirudi nyumbani na kuimba.

Kesho yake Dokta Mubanga aliniita mu motoka. Ile bimashini bya ku kifua vilimwambia kintu cha ajabu: bamama benye hawana bomba banapumua hewa safi sawa benye nayo. Tulishuka Kabuta, na tulimukuta Pierrette peke yake mbele ya furu ya Olipa, ameshika samaki yake mwenyewe, anaigeuza.

Hakupiga makelele. Ingekuwa heri. Alisema polepole, mu Kingereza, anangoja nimalize, anaendelea. Kwamba hawa bamama balidanganya hospitali. Kwamba baliombwa kintu kimoja tu, cha kukaa ku moto yao. Kwamba samaki mumoja akioza, bote banaoza, na kwa hiyo kila mama wa kifuniko nyeupe mwenye alipika kwa mwenzake anatoka mu utafiti leo. Munajua kazi ya mutafsiri ni nini? Ni kumutukana dada yako na sauti yako mwenyewe, juu mutu mwingine alifikiri yale maneno. Nilimuangalia Pierrette mu macho na nikamuambia yeye ni mudanganyifu.

Pierrette alitoa kimashini ku shingo. Alikipangusa na kitenge, alimupa na mikono mbili, vile tunamupatiaka mukubwa kintu. Halafu akaniuliza, pole, sawa mutu anaogopa kusumbua: na siku ya ine?

Nilimuuliza dokta. Alisema anasikitika, lakini mutu mwenye haiko mu utafiti anapita ku mulango ya barabara, kama bote. Nilimuambia chakula inakwama. Alisema tena, ku mulango ya barabara. Na ku mulango ya barabara, wakati nilipeleka jina yake, balimupatia nafasi ya wakati mvua itaanza. Sisi tulikuwa bado mu baridi. Mwenyezi Mungu, mutu atangoja mvua na koo imefungwa?

Siku ileile niliingia mu chumba ya chai. Ba kazi bote balikuwa pale, kila mutu na kikombe yake, mukate iko inapita, banabishana juu ya mupira ya timu yetu na timu ya polisi. Sikuketi. Nilimuambia Dokta Mubanga mbele ya bote kwamba hakuna mutu alidanganya, kwamba aliwaomba bamama kintu chenye hata wagomvi hawafanyi. Nilisema mingi, na ingine haikukuwa ya heshima.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hiyo njo inaniudhi zaidi, juu haiko mutu mubaya. Alinieleza na uvumilivu kwamba kama hesabu ya moshi imeharibika, bale banalipia furu banabeba bintu yao na banaenda, na toka hapa mpaka Chienge hakuna mama ataona bomba tena.

"Marthe, miye ninapigania bamama elfu na elfu," alisema.

"Weye unapigania bamama benye hawana jina," nilimuambia. "Miye niko na mumoja, na jina yake ni Pierrette, na hawezi kumeza."

Bote baliangalia ndani ya bikombe. Rodwell, dereva, mwenye anapigaka masolo hata mu maziko, alianza kukoroga chai yenye haina sukari. Dokta alisimama, aliosha kikombe yake, alitoka. Hata kuosha kikombe aliosha muzuri.

Nilimufuata Esnart kule anasafishaka kamera. Nilimuomba: siku ya ine, ule mulango ya ziwa hauna mutu sasa, dokta mwenyewe alibafukuza, kamera inalala mu sanduku, mupitishe Pierrette, nani ataona? Alitikisa kichwa. Alisema nesi wa zamani, mwenye alimutangulia ku ile kazi, alichanganya milango, alimuhurumia shemeji yake, na leo anauza nyanya Kashikishi. Alisema ana batoto, nisimutie mu hiyo. Nilimujibu maneno yenye sitasema hapa, na alilia, na sikumubembeleza. Nilikuwa na hasira ya kutosha bote, na yeye alikuwa karibu.

Basi tukaanza kungoja mvua. Pierrette alirudi ku moto yake ya zamani, ya majiwe tatu na chanja ya fito, kichwa ndani ya moshi, juu Olipa alikatazwa kumuita. Ile kitenge yenye ilimuzunguka mara moja sasa inamuzunguka mara mbili. Nilimupikia uji mwepesi, nilichuja maji ya muchele, nilipiga karanga mpaka ikawa maziwa. Alikunywa kidogo kidogo, alinishukuru, na akifikiri simuoni alimwaga. Kazini nilipita mbele ya mulango ya ziwa. Ile feni ilikuwa inazunguka. Ilikuwa inapepea kiti.

Olipa yeye alijificha. Alikuwa na haya ya kumunyima mwenzake moto, haya ya kweli, hata samaki alikausha kidogo, akiangalia chini. Lakini siku moja hakusikia Pierrette akikohoa, akaogopa, akapita mu matete. Alitukuta ndani: Pierrette ameketi na kikopo ya kutemea, juu hata mate yake haikushuka tena, na miye ninamupangusa kinywa. Aliniuliza mu Bemba, hospitali inasema nini? Na pale njo nilielewa kwamba hakujua. Dokta alimukataza tu kuita bantu. Hakuna mutu alimuelezea kwamba juu ya ile samaki Pierrette alifungiwa mulango. Nilimuambia yote, na sikupunguza.

Hakulia. Aliuliza kama ile kamera iliharibika. Nilisema hapana, ni muzima. Aliuliza kama kuna mutu mwingine anaitumia upande ya ziwa. Nilisema hakuna, siku na siku. Alisema ile mezali ya Babemba, umunwe umo tausala inda, yenye hata sisi tuko nayo, kidole moja haivunji chawa. Alitoka. Nilifikiri anaenda kuita bachungaji ba maombi.

Kesho yake asubuhi niko kazini, mugonjwa mbele yangu, nikasikia sauti ya bati ku barabara. Bati inagongana na bati. Hakuna wimbo, hakuna vigelegele, bati tu. Nilitoka. Bamama ba Kabuta na ba Kashikishi balikuwa banakuya, bale ba bifuniko nyekundu, kila mumoja na bomba ya furu yake ku kichwa, ingine imefungwa ku baiskeli pale pa kufungia samaki. Balikuwa balibomoa. Masizi iliwashukia ku uso na ku nguo za kanisa, juu balivaa za kanisa. Na nyuma yao, juu ya keria ya baiskeli, dada yangu, mama babili banamusukuma na Olipa anamushika mugongo.

Balipita mbele ya foleni ya barabara. Bagonjwa balisimama kuwapisha. Balizunguka nyumba mpaka ku mulango ya ziwa, na pale juu ya simenti nyeupe ya mbele ya mulango balilaza mabomba, moja juu ya ingine, na balitoa bimashini ku shingo, balibitundika ku mukono ya mulango mpaka mulango haukuonekana. Ba kazi bote balitoka inje. Hata ba jikoni balikuya na miko yao.

Dokta Mubanga alikuya anatembea haraka, alafu alisimama. Olipa alimupigia magoti kidogo, vile munasalimia mukubwa kwa Babemba, alipiga makofi ya heshima, na alisema na sauti ya kawaida:

"Dokta, mulitupatia moto ya kunyima bantu. Sisi hatujui kuitumia. Tunairudisha."

Aliangalia mabomba. Kazi yake yote ilikuwa pale chini na masizi yake, na niliona anahesabu, niliona ku uso: kama nikifungua, utafiti imekufa, kama nisipofungua, imekufa vile vile. Sitamupatia sifa yenye hakutafuta. Hakufungua juu ya huruma, alifungua juu hakukuwa tena kintu cha kuokoa. Aliingiza mukono mu mufuko, alitoa funguo, na alisogeza bimashini polepole kusudi bisianguke. Mulango ulifunguka, na Esnart alikuwa ndani, amesimama karibu na kitanda, tayari na glavu. Aliingia upande ya barabara kabla mutu amutume. Hakuniangalia.

Munajua ilichukua wakati gani? Bukari haingeiva. Miezi yote ile, na hata maji ya bukari haingechemka muzuri. Nilisimama ndani ya ile chumba na nilitamani kuvunja kintu, kiti ya muto, feni, chochote. Nilivunja moyo yangu tu.

Pierrette aliketi ku kitanda, amejifunika kitenge, na dokta alituonyesha picha. Kulikuwa na nyama yenye ilimea ku mwisho ya koo na kuifunga, ilibaki tundu ya sindano. Alisema atatuma kipande ku maabara, lakini macho yake inamuambia ni kansa, na imepita mahali pa kukata. Kesho atamutilia bomba ndogo mu koo, ya kufungua njia, kusudi akule, na nyuma yake kuna dawa ya kuipunguza nguvu kwa wakati. Nilitafsiri yote pole. Hapo sikudanganya neno.

Pierrette alifikiri. Alafu akasema, na ile sauti yake yenye ilibaki kidogo:

"Basi na miye mwisho nimepewa bomba."

Esnart alicheka na machozi ikatoka pamoja. Dokta aliniuliza alisema nini. Nilimuambia. Hakucheka. Alitoa miwani, alipangusa, aliivaa tena, na nilisikia sauti yake inabadilika, inakuwa ile sauti yenye ninaijua, ile ya kila siku, ya kila mugonjwa, ya mutoto ya mugongoni ya nkambo. Aliniambia mu Kingereza nimwambie ni huzuni kwamba alichelewa. Kama angeonekana siku chakula ilianza kukwama, wangekata na angepona.

Sijui kama alisikia mwenyewe kile alisema. Ninafikiri hapana. Ninafikiri ile neno inatokaka mu kinywa yao peke yake, sawa mutu anasema pole ukijikwaa. Lakini miye nilisikia. Pierrette aliniangalia, anangoja, na alikuwa amekwisha kuanza kuinamisha kichwa, vile bote banafanyaka.

"Anasema nini?" aliuliza.

"Anasema tulichelewa," nilimuambia. "Sisi ba hospitali. Anasema kama tungekuangalia siku bukari ilianza kukwama, tungekata na ungepona. Weye ulifika kwa wakati."

Babemba nao, kwa kuchelewa, banasema neno yenye iko karibu sana na ya kwetu, na hospitali ni hospitali ku lugha yote. Dokta Mubanga alinyanyua kichwa. Alikuwa ameelewa muzuri nani nilisema alichelewa. Aliniangalia, na miye nilimuangalia, na Esnart alikuwa ananawa mikono lakini aliacha. Nilikuwa tayari. Kama angenisahihisha, ningemuambia yote mu lugha tatu, na anifukuze, nami niende kuuza nyanya. Hakunisahihisha. Alishusha macho ku mikono yake.

Pierrette alinyanyua kichwa. Aliketi muzuri, alifunga kitenge yake, na aliangalia, siyo dokta, aliangalia ule mulango mwingine. Kwa chini yake mulionekana kivuli ya miguu ya foleni.

"Mwambie nilisikia," alisema. "Mwambie hawa ba barabarani bao pia banaanza kukwama. Kwa hawa asichelewe."

Ile niliitafsiri yote, neno kwa neno, na niliisema kwa nguvu, kusudi isikike mpaka ku geti.